Tundu la Kibanda cha Saba

Sipendi Krismasi, na sijawahi kumweleza mtu sababu. Wajukuu husema babu ni mchoyo, hataki kutoa pesa ya chapati na nyama. Nawaacha waseme. Afadhali niitwe mchoyo.

Zamani hizo nilikuwa seremala mjini Nakuru, katika karakana ya Mhindi mmoja karibu na stesheni ya reli. Tulikuwa mafundi wawili. Mwenzangu alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka mtaa wa Bondeni, mwenye asili ya Pwani, mtu wa kanzu safi siku ya Ijumaa na mdomo usiopumzika siku zote saba. Mwaka ule Hali ya Hatari, waliyoitangaza Waingereza kuwasaka Wakikuyu walioasi, ilikuwa imekolea. Mkikuyu aliyekuwa bado anatembea mjini alitembea kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemhitaji. Mimi nilihitajiwa na Mhindi, kwa vile milango yangu ilifunga bila kusukumwa. Alinisimamia nikapata pasi, kile kibali cha kukaa mjini.

Mke wangu hakuwa na wa kumsimamia. Alikuwa amepanda hadi Dundori kumsaidia mama yake kuchuma pareto, kwenye shamba la setla wa Kizungu ambako wazazi wake waliishi kama maskwota, vibarua wasio na ardhi yao. Asubuhi moja malori yakaja, yakazoa kila mtu, wazee kwa watoto, yakawashusha stesheni, na treni ikawapeleka rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu ng'ambo ya milima, mahali ambapo yeye hakuwa ameishi hata siku moja. Treni hiyo ilipita nyuma ya karakana yetu nikiwa napiga randa. Niliisikia. Sikujua kwamba alikuwamo.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Kufikia Oktoba nilikuwa nimepata salamu zake mara moja tu. Mtu aliyezileta aliniambia mke wangu amekonda, kwamba wamefungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miiba, na kwamba anauliza kama bado naweka unga kwenye lile debe lenye kutu. Jioni hiyo nililia mbele ya debe. Bila pasi hangeweza kurudi, na pasi haikutolewa kwa sababu mume fulani analia.

Mwishoni mwa Novemba memsabu mmoja aliingia karakana na postikadi mkononi. Mumewe alikuwa mkubwa wa serikali pale wilayani. Kwao haikuwa Uingereza, ilikuwa nchi nyingine ya Ulaya, huko kwenye baridi zaidi. Katika picha kulikuwa na uwanja mbele ya kanisa, vibanda vidogo vya mbao vimejipanga, paa zote nyeupe, na watu wamejifunika makoti mpaka masikioni.

"Hii soko ya Krismasi, kule kwetu," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Mimi nataka nyumba dogo-dogo kama hii. Kumi na mbili. Nataka weka pale klabu. Wewe naweza?"

"Na hii nyeupe juu, memsabu, ni chokaa?" mzee mwenzangu aliuliza.

"Hapana. Theluji. Sisi taweka pamba."

Alipotoka, mzee alicheka hadi akashika meza. "Pamba! Hospitali wanafunga vidonda kwa matambara, paa za Mzungu zinavishwa pamba ziwe na baridi ya kwao!"

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshamkimbilia memsabu kwenye gari lake. Nilivua kofia. Nilimwambia kazi itakwisha kwa wiki tatu, ila bibi yangu yuko rizavu, na ninachotaka si pesa ya ziada, nataka pasi yake. Alinitazama, kisha akaitazama postikadi kama aliyeogopa nitamnyang'anya. "Wewe maliza kabla ya Krismasi," alisema. "Mimi tasema na bwana."

Basi nikafanya kazi kama mwendawazimu. Nilifika alfajiri, nikatoka dakika za mwisho kabla ya kafyu, saa ya kutoonekana nje. Kila kibanda kilikuwa na kuta tatu, mlango mdogo nyuma, na mbele ubao mpana wenye bawaba. Ubao huo ukiinuliwa na kuegemezwa kwa fimbo, muuzaji anaonekana. Ukishushwa, kibanda kizima kimefungwa. Mbao zilikuwa za saipresi, mbichi bado, na mbao mbichi zina mafundo ambayo yakikauka hudondoka. Katika kibanda cha saba, kwenye ule ubao wa mbele, fundo moja lilinidondokea mkononi. Liliacha tundu la mviringo, kubwa kidogo kuliko shilingi, mahali ambapo jicho la mtu aliyeketi kwenye stuli lingefika.

"Ziba hilo," mzee alisema.

Kuziba tundu si kazi ya kupaka matope. Unachonga kijiti kiingie kwa kubana, unatia gundi, unaiacha ikauke, ndipo upige randa. Ni nusu siku imekwenda. Nilimwambia nitaziba kesho.

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

"Mzee, mke wako leo amelala nyumbani kwako."

Aliweka msumeno chini. "Kweli," alisema, "mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Akaenda kuniletea mbao nyingine. Memsabu naye alipokuja kukagua aliliona tundu, akasema si kitu, hapo ataning'iniza shada la majani. Kwa hiyo kesho ilifika na sikuliziba, na keshokutwa vilevile.

Memsabu alitimiza ahadi. Sitamnyima hilo. Siku nne kabla ya soko mke wangu alishuka stesheni na kifurushi kidogo kama cha mtu aliyetoka dukani. Nilimpita. Ndiyo, nilimpita, nikitafuta mwendo niliouzoea, mpaka akaniita. Nyumbani, kabla ya kuketi, alifunua debe.

"Unga umeingia wadudu," alisema. "Ulikuwa unakula nini wewe?"

Siku ya soko niliamriwa kukaa klabu na nyundo yangu, kama kitu kitavunjika, na memsabu akaongeza, "Lete bibi aone." Tuliingia kwa geti la nyuma. Basi nikauona ule mji wa Ulaya niliojenga kwa mikono yangu. Jua la Nakuru lilikuwa utosini, vumbi jeupe linavuma kutoka ziwani, na paa zangu kumi na mbili zimefunikwa pamba. Mishumaa myekundu ilikuwa imepinda kwa joto. Mzungu mmoja mnene alivaa joho jekundu la sufu na ndevu za bandia, jasho linamtiririka, watoto wanamlilia zawadi. Waliuza jamu, soksi za kufuma, biskuti zenye umbo la nyota, na divai waliyoichemsha, wakainywa ikitoa moshi katika jua lile. Walioweza walikuwa wamefunga bastola viunoni, wanawake kwa wanaume.

Memsabu alisimama katikati na leso usoni, analia. Alikuwa amepakumbuka kwao. Nilimwonea huruma, kisha huruma hiyo ikageuka hasira mle mle kifuani. Wiki tatu tu za mikono yangu zilimrudishia mji wake. Mama mkwe wangu alizaliwa Dundori, akazaa Dundori, na hakukuwa na fundi wa kumrudishia hata jiko lake.

Kibanda cha saba kiliuza bidhaa zake zote mapema, muuzaji akashusha ubao, akaenda zake. Shada la majani lilikuwa limenyauka na kuanguka. Nilikuwa nimesimama mbele yake nikipigilia kipande cha pamba kilichobanduka niliposikia ubao unagongwa kutoka ndani, ko, ko. Niliinama. Jicho la mke wangu lilikuwa ndani ya tundu.

"Fundi gani wewe, unaacha tundu?" alisema, na akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu arudi.

Niliziba tundu kwa kidole gumba. Alikisukuma kwa kidole chake. "Mimi nakuona," alisema. "Wewe hunioni." Tulicheza hivyo, watu wazima sisi, mpaka memsabu akapita, nikajikohoza na kushika nyundo. Alimpa mke wangu biskuti moja ya nyota. Mke wangu hakuila. Aliifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya debe, akasema ataila siku mama yake atakaporudi.

Januari, asubuhi moja, tuliamka lokesheni, mtaa wetu Waafrika, imezungukwa na askari. Wakikuyu wote, wanaume kwa wanawake, tulitolewa na kupelekwa uwanjani kuketi chini mikono kichwani. Wengi wetu tulikuwa tumeshapitia jambo hilo. Analetwa mtu wa kuchongea waasi, amefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, mnapita mbele yake mmoja mmoja, akitikisa kichwa umekwisha. Nilitazama upande wa mbele nikimtafuta mtu wa gunia.

Hakukuwa na gunia. Palikuwa na kibanda changu cha saba.

Pamba ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye paa, imekuwa ya kijivu kwa vumbi. Ubao wa mbele ulikuwa umeshushwa. Naapa kuna mtu aliyepita kwenye stoo ya klabu, akaviangalia vibanda vyote kumi na viwili, akachagua hicho, na najua kwa nini. Gunia lina joto, na gunia mtu anaweza kulirukia akalivuta. Kibanda kilikuwa kimetengenezwa vizuri. Nilikitengeneza mimi.

Askari alieleza utaratibu: ukigongewa mara moja, pita; ukigongewa mara mbili, kaa kushoto. Mstari ukaanza kusogea. Nilikuwa mbele, mke wangu nyuma yangu. Nilipofika niliinua macho nikaliona jicho. Jicho moja halina sura. Lingeweza kuwa la jirani yangu, la mtu niliyemtengenezea kitanda. Lilinitazama muda mfupi, kisha ubao ukalia: ko.

Nilipita. Nilipiga hatua tatu kisha nikasimama, askari akanisukuma kwa kitako cha bunduki. Nyuma yangu kimya kilikuwa kirefu. Niliomba Mungu, na nilipokuwa naomba nilikuwa naona kijiti cha duara, kimechongwa, kimetiwa gundi, kimepigwa randa, kinachotaka nusu siku tu.

Ko, ko.

Walimpeleka kizuizini, kambini; sikuambiwa kosa lake, wala yeye. Nilikwenda kwa memsabu, nikasimama chini ya varanda yake. Alisema pole, akasema bwana anasema kama hana makosa atarudi. Akafunga mlango wa wavu taratibu, asinikwaze.

Karakana, mzee mwenzangu alinikuta nimeketi sina kifaa mkononi. Nilimweleza yote, hata tundu. Alikaa karibu nami kwenye vumbi la mbao na kanzu yake, maana ilikuwa Ijumaa.

"Watu watakuambia mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema. "Mimi nakwambia pole, mwanangu. Pole sana."

Novemba iliyofuata vibanda vililetwa kupakwa rangi upya. Memsabu alitaka soko lingine. Nilikitafuta cha saba nikaingia ndani na kuketi. Kulizunguka tundu, ubao ulikuwa umekuwa mweusi na laini kwa mafuta ya paji la uso la mtu, au la watu, na chini yake kulikuwa na alama za vifundo vya vidole. Nilichungulia. Niliona mzee mwenzangu anapiga msumeno, hajui kama anatazamwa. Nilitoka, nikachonga kijiti, nikatia gundi, nikasubiri ikauke, nikapiga randa mpaka ukipitisha kiganja husikii kitu. Memsabu alisema, "Mzuri sana, fundi."

Mke wangu alirudi baada ya miaka minne na miezi kadhaa. Kambi zilikuwa zinafungwa. Safari hii sikumpita stesheni, maana nilikuwa nimejifunza kutoutafuta ule mwendo niliouzoea. Alifika nyumbani saa nane mchana. Hakufunua debe. Biskuti ya nyota panya waliimaliza zamani, naye hakuiulizia, kwa kuwa mama yake hakurudi wala hatarudi.

Alisimama katikati ya chumba akizitazama kuta. Ilikuwa nyumba ya mbao na mabati ya kuokoteza, ya seremala anayetengeneza za wengine. Kisha akachukua shati langu kuukuu, akaanza kulipasua vipande, na kila mahali mwanga ulipoingia akasokomeza tambara: kwenye nyufa, kwenye kona za mabati, kwenye tundu la msumari mlangoni. Alifanya kazi hiyo bila haraka, kwa uangalifu, ukuta mmoja baada ya mwingine. Chumba kilikuwa kinaingia giza mchana kweupe.

"Acha," nilimwambia. "Keti ule. Nitaziba mimi."

Aligeuka akanitazama. Uso wake haukuwa na hasira. Ningependa ungekuwa nayo.

"Fundi gani wewe," alisema, "unaacha tundu?"

Nilitaka kumwambia kwamba lile nililiziba. Nilimpasulia tambara jingine.