Injini ya Mwisho Kabla ya Likizo

Asubuhi ile Gunvor alikata mkate mweusi, akapaka siagi, akasahau jibini. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kusahau jibini.

"We mama, leo tunakula kama wafungwa?" nikamwambia.

"Kula. Ukinenepa, nani atakubeba?"

Alicheka, ila kahawa hakuimaliza. Ilikuwa Jumatatu ya Agosti, kiwanda kinafunguliwa baada ya likizo. Nilijua kinachomla.

Mjini kwetu kila mtu ni wa kiwanda. Kilianza na mabehewa ya reli, zikaja injini za boti, ndipo malori. Babu yake Gunvor alitengeneza mabehewa. Baba yake alisikiliza injini, akamrithisha kazi hiyo. Mimi nilimimina chuma tu, shule sina. Yeye alikuwa na masikio. Anaegemeza kijiti kwenye injini, ncha nyingine sikioni, anafumba macho. Akiridhika, anagonga muhuri wa namba yake kwenye chuma. Na muhuri ukishagongwa, injini haifunguliwi tena mpaka watu wawili waisikie kasoro. Ndiyo desturi, tangu enzi za baba yake.

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ilibaki injini moja. Watu walishaoga, familia zinangoja getini, mizigo juu ya magari. Gunvor akasikia kitu. Ko, mara moja, halafu basi.

"Irudieni," akasema.

Evert, msimamizi wake, akacheka. "Mama Gunvor, masikio yako yameshatangulia likizo! Vipimo vyote viko sawa. Unataka watu sitini wakununie mwezi mzima?"

Gunvor akagonga muhuri.

Tulikaa ziwani wiki nne. Samaki walivuta ndoana yake, yeye hana habari. Kichwa kainamisha upande, kama anayesikiliza watu chumba cha pili.

Nilimwambia pengine hakikuwa kitu. Mungu anisamehe, nilitaka alale.

Jumatatu ile akakuta injini imeshafungwa kwenye lori. Mbeba magogo mmoja wa kaskazini alikuwa aje kulichukua kesho yake. Wakaliwasha uani. Gunvor akasikiliza, Evert akasikiliza. Safi kabisa.

"Umeridhika sasa?" Evert akamuuliza.

"Haijabeba kitu hiyo. Lipakieni vyuma, lipande kilima, mtaisikia."

"Haya, Sture atalipandisha."

Sture ni dereva wa majaribio. Lakini Sture ni mtu mmoja, na walitakiwa wawili.

Yeye ndiye aliyenisimulia, yuko kitandani hospitali, mikono yote ina bendeji, hanitazami. Yeye na Gunvor walipanda kilima vizuri. Walipokaribia kileleni, ko. Halafu ko, ko. Hata yeye alisikia. Gunvor akamwambia simama, lakini lori lilishainamia upande wa pili. Injini ikanoki, ikakwama ghafla, magurudumu ya nyuma yakajifunga. Lori likateleza na tani kumi na mbili za vyuma mpaka majini, chini ya kilima. Sture alitokea dirishani. Mke wangu hakutoka.

Baadaye walikwenda kuifungua injini. Evert alikuja kuniambia walichokuta ndani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Sikumkaribisha kahawa.

Sture nilimuuliza jambo moja tu: kwa nini alimwacha apande? Msikilizaji hapandi lori la majaribio, hata baba yake hakupanda.

Akasema alimkatalia. Alimwambia, "Mama, nenda kanywe kahawa, nitamchukua mwingine." Gunvor alikuwa ameshakaa, mlango ameshaufunga. Akamjibu:

"Mimi nilisikia, Sture, na bado nikagonga muhuri. Washa, twende."