Shanga za Samli

"Hizi zimekatika au zimejinyonga?"

Hivyo ndivyo Boke alivyomkaribisha kila aliyemletea shanga mbovu. Mteja hajakaa, shikamoo yake bado inaelea hewani, na Boke ameshanyanyua mkufu wa watu kwa vidole viwili kama aliyeokota panya mfu. Anauzungusha, anaunusa, kisha anatoa hukumu: aliyeutunga alikuwa kipofu, aliyeununua alikuwa mlevi, na anayeuvaa Mungu amsaidie. Baada ya hapo ananyoosha miguu kwenye mkeka na kuutengeneza. Na anautengeneza vizuri, hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Angekuwa hajui kazi, Nyambureti nzima ingemsusa ikaishi kwa amani. Lakini mtu alitoka Ringwani kwa miguu, akatukanwa, akaondoka na mkufu unaong'aa, na wiki iliyofuata huyo amerudi na bangili ya dada yake.

Yeye mwenyewe hakuiita kazi. Kazi ilikuwa shamba na ng'ombe. Shanga zilikuwa za mchana, jua likikaa utosini na wenye akili wakitafuta kivuli. Alizijua tangu utoto huko Kewanja, kwa mama yake, ambaye naye hakuwahi kumsifu mtu hadi anaingia kaburini.

Boke alikuwa mjane, tena mjane mwenye mabinti watupu, Vero na wadogo zake, na wote walishaolewa mbali. Marehemu alimwachia nyumba, shamba linaloshuka mpaka mtoni na zizi lenye ng'ombe wa kutosha kumpa mtu jeuri. Alimwachia pia shemeji. Ryoba, mdogo wa marehemu, alikaa upande wa pili wa ua wa minyaa, na tangu matanga yaishe alikuwa na desturi ya kuja kumjulia hali huku akiangalia migomba.

"Umeamkaje, shemeji?" anauliza, macho yako shambani.

"Mimi nimeamka. Migomba iulize yenyewe."

Ryoba anacheka. Alikuwa na sababu ya kucheka. Kwenye ukoo ule, nyumba isiyo na mtoto wa kiume ni chungu kisicho na kifuniko: mwenye mkono anachota.

Lakini Wakurya wana dawa yao, inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe wake na kuoa mwanamke mwenzake. Binti anaingia pale kama mke wa nyumba, anajitafutia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ile, hata baba yao awe mpita njia. Siku mtoto wa kiume akilia mle ndani, Ryoba atarudi kuangalia migomba yake mwenyewe.

Boke akatafuta, akampata Lilian, binti wa Ringwani, mrefu, mcheshi, mwenye nyonga ambazo Boke alizikagua bila haya kama mtu aliye mnadani. Ng'ombe wakaswagwa hadi Ringwani. Ikabaki siku ya kumleta bibi harusi, ambapo Boke, kabla ya binti kuvuka kizingiti, angemvisha kwa mikono yake shanga alizomtungia: safu juu ya safu, kutoka kidevuni hadi kifuani.

"Wataona," aliwaambia wanawake kisimani. "Siku hiyo ndiyo mtajua kwamba nyie wengine mnavaa kokoto."

Zilibaki safu za mwisho, nta ikamwishia.

Boke alitunga kwa uzi wa pamba. Uzi huo unakunjwa, unasokotwa, kisha unavutwa juu ya donge la nta ya nyuki mpaka ukaze na kunata. Bila nta uzi unachambuka, na fundo linateleza kama ahadi ya mgombea. Akapanda bodaboda hadi Mugumu kwa Sabaha, aliyemuuzia shanga miaka yote na hakuwahi kusikia neno zuri kutoka kinywani mwake.

"Nta hakuna, Mama Vero," Sabaha akamwambia. "Iliyokuwepo wamebeba watu wa mishumaa."

"Kwa hiyo bibi harusi wangu avae mshumaa?"

"Chukua nailoni. Siku hizi wote wanatungia nailoni."

"Mimi sivui samaki, Sabaha."

"Sasa si huko kwenu kuna wenye mizinga? Huyo shemeji yako. Mkewe alipita hapa na bonge la nta kama kichwa cha mtoto. Nikataka kulinunua, akakataa, anasema atalihitaji."

Boke akachukua pochi yake akaondoka bila kuaga.

Mke wa Ryoba aliitwa Agustina, mama yake Matiko. Alikuwa mwanamke mpole, wa kwaya, wa kusema "haya" hata akikanyagwa. Zamani kidogo alijaribu naye kutunga shanga. Alitoa mkufu mmoja, mwekundu na mweupe, umepinda upande kama mlevi anayekojoa, akamletea Boke amwonyeshe alipokosea. Siku hiyo wanakwaya walikuwa wamejaa uani. Boke akautazama mkufu, akamwita mbwa wake, Kamanda, akamvisha shingoni.

"Umempendeza," akasema. "Kidogo tu umemzeesha."

Wanakwaya walicheka hadi mmoja akaangusha kikombe. Agustina naye alicheka, maana angefanya nini? Kamanda akatembea na mkufu ule kijiji kizima, mvua na jua, akabweka nao, akapandana nao, mpaka bodaboda ilipomgonga barabarani na Agustina akaenda kumvua. Na muda wote huo watu walimwuliza Agustina, mbele ya mumewe, kama mbwa amemlipa.

Kwa hiyo, jioni Boke alipotoka Mugumu mikono mitupu, na sauti ikaja kutoka upande wa pili wa minyaa, haikuwa sauti aliyoitaka.

"Mama Vero! Nasikia unatafuta nta. Njoo uchukue, ipo."

"Nani kakwambia natafuta?"

"Njoo tu, mke mwenzangu. Nta haina ugomvi."

"Jipake midomoni," Boke akajibu. "Imekukauka kwa umbea."

Kisha Agustina akasema, "Haya."

Neno hilo "haya" Boke alilisikia, lakini hakulisikiliza. Aliingia ndani, akakaa kitandani, na pale miguuni pake akaona chungu cha samli.

Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe hajui tatizo ambalo haliponi kwa samli. Boke alipakwa samli alipozaliwa, akanyweshwa alipokohoa, akasuguliwa alipoteguka. Samli ililainisha ngozi, mikanda, bawaba na, ikibidi, wazee. Ndiyo ishindwe na uzi? Akachota kwa kidole, akavuta uzi ndani ya samli. Ukapita laini, ukang'aa, ukaingia kwenye tundu la shanga bila kubembelezwa. Boke akajichekea. Akamaliza safu zote zilizobaki, na fundo la kisogoni, linalobeba uzito wote, akalipaka mara mbili kwa usalama. Kisha akaviringisha shanga kwenye kitambaa, akaweka kikapuni, akatundika kikapu darini, juu ya magunia ya mahindi.

Nyumba yoyote yenye magunia ya mahindi ina wapangaji. Wapangaji wa Boke walikuwa na mikia, na walikuwa wamekula mahindi makavu msimu mzima bila kitoweo.

Siku ya kumleta Lilian uwanja ulijaa. Walikuja wazee wa ukoo wakiongozwa na mzee Simioni, walikuja watu wa Ringwani na mashangazi zao wakali, walikuja hata wale ambao Boke aliwaambia wanavaa kokoto, nao wamevaa kokoto zao. Boke alikiteremsha kikapu mbio mbio, vigelegele vimeshafika langoni. Ndani ya kitambaa aliona punje mbili nyeusi ambazo hazikuwa shanga. Akazipuliza. Angegeuza ule mkufu aangalie upande wa kisogoni angeona mengi, lakini mtu aliyezoea kukagua vya wenzake havikagui vyake.

Akatoka nje, akauinua juu ili watu wauone. Uwanja ukanyamaza. Hata maadui walinyamaza, maana kweli zilikuwa shanga. Bluu ilikaa karibu na nyeupe kama zimezaliwa tumbo moja. Lilian akaweka mguu mmoja ndani ya kizingiti, akainamisha shingo, Boke akafunga.

Kilikuwa kipindi cha vigelegele. Lakini bibi harusi akaanza kujikuna.

"Lilian, tulia," akasema Rhobi, shangazi yake mkubwa, bila kufungua meno.

"Kuna kitu, shangazi."

"Bibi harusi hajikuni."

"Kinatembea!"

Kweli kilitembea. Panya walipoondoka darini walikuwa wamewaachia zamu sisimizi wekundu, na sisimizi, walipokuta jua, shingo changa na samli inayoyeyuka, hawakuona sababu ya kungoja hotuba.

"Shangazi, kinaning'ata!" Lilian akapiga yowe, akaingiza vidole chini ya shanga, akavuta.

Uzi uliotafunwa na panya haukatiki kwa kishindo. Uliachia tu. Shanga zote, za bluu na nyeupe, zikamwagika kutoka shingoni hadi miguuni, nyingine ndani ya kizingiti, nyingine nje. Na kuku wa Boke, ambao hakuna aliyewaalika, wakaja mbio wakidhani ni mtama.

Rhobi akapitisha kidole shingoni mwa mtoto wake. Akakinusa. Akakilamba.

"Hii ni samli," akatangaza. Akalamba tena, apate uhakika. "Tena samli nzuri. Mama, wewe ulitaka kumwoa mtoto wetu au kumkaanga?"

Kilichofuata hakikuwa kicheko tu. Watu walishikana mabega. Mwanakwaya yule wa kikombe alikaa chini kabisa. Kila aliyewahi kuambiwa shanga zake zimejinyonga alicheka mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya ndugu zake. Lilian mwenyewe, machozi yakimtoka na shingo imevimba, alicheka.

Rhobi peke yake hakucheka. Alimshika binti mkono, akauvuta nyuma ule mguu uliokuwa umeshaingia.

"Nyumba imemtapika," akasema. "Twende zetu."

"Shangazi, subirini!" Boke alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja unaokota shanga, mwingine unafukuza kuku. "Nitazitunga upya! Kaeni, mle, mnywe, nazitunga sasa hivi! Sh! Toka, wewe!"

Maneno hayo ya mwisho aliwaambia kuku, lakini watu wa Ringwani walikuwa wameshageuka. Alipoinua kichwa aliona migongo tu, na mtu mmoja aliyepiga magoti kando yake, anaokota shanga taratibu na kuzitia kwenye pindo la kanga yake. Agustina. Hakuwa anacheka. Boke angetoa ng'ombe aliyebaki ili acheke.

Wazee walikaa kikao chini ya uongozi wa mzee Simioni, wakala chakula cha harusi ili kisiharibike, kisha wakaamua.

"Nitafutieni binti mwingine, wazee wangu," Boke akaomba.

"Kwa ng'ombe gani?" mzee Simioni akauliza.

"Wale warudi kutoka Ringwani."

"Mama, wale wameshazoea malisho. Tena ni ng'ombe wa ukoo, wala hawakupotea. Lililoharibika ni shanga."

Ikaonekana kwamba Matiko, mtoto wa Ryoba, alikuwa ameshakwenda Ringwani kupeleka pole, na pole zake zilipokelewa vizuri. Lilian alipoulizwa kama anamkubali, alijibu kwamba huyu angalau hawashi. Basi ng'ombe wa Boke wakamwoa Lilian kwa niaba ya Matiko, na shamba linaloshuka mpaka mtoni likapewa Matiko alilime, maana sasa ana mke. Boke atabaki kwenye nyumba yake hadi Mungu atakapomhitaji. Hilo Ryoba alilitamka akiangalia mbinguni, kama anayekumbusha.

Siku chache kabla ya harusi ya Matiko, Boke akiwa mkekani bila kazi, mtu akapiga hodi.

"Karibu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kukaribisha vizuri tangu juzi.

Agustina aliingia na sufuria, kifurushi cha majani ya mgomba na kikapu chenye kifuniko. Akakaa bila kuombwa. Sufuriani mlijaa shanga za bluu na nyeupe, zimeoshwa kwa sabuni.

"Leo huniulizi, mke mwenzangu? Zimekatika au zimejinyonga?"

Boke akazigeuza shanga kwa kidole.

"Mkwe wangu anazitaka hizi hizi. Anasema hajaona nzuri kama hizi, ila zilikuwa na wadudu." Akafungua majani. Ndani mlikuwa na bonge la nta, la manjano, kubwa kama kichwa cha mtoto. "Nitakaa hapa hapa. Nina nafasi."

Akakaa kweli. Boke alivuta uzi juu ya nta, na kila uzi ulipokamilika Agustina aliupokea, akaunusa toka mwanzo hadi mwisho bila haraka, kisha akaurudisha. "Haya," anasema. Boke anatunga. Angeweza kuharibu, mikono yake ilijua njia kumi za kuharibu, lakini ilikuwa mikono ya kijinga, iliyojua jambo moja tu, na ilitunga vizuri kuliko mara ya kwanza.

Jua lilipopinda alifunga fundo la mwisho. Agustina akaupokea mkufu, akaunusa kisogoni, akaridhika.

"Na mimi sikuja mikono mitupu," akasema. Akafunua kikapu. Akatoka paka mdogo, wa kijivu, mwenye macho ya mtu wa kodi. "Wa kukusaidia darini."

Shingoni mwa paka kulikuwa na mkufu mwekundu na mweupe, umepinda upande, umekunjwa mara mbili ili umtoshe.

Agustina akaondoka na sufuria yake. Boke alingoja mpaka aliposikia lango la upande wa pili wa minyaa. Kisha akamvuta paka, akaingiza kidole chini ya mkufu ule wa Kamanda, akaukaza, akauvuta kwa nguvu zake zote.

Paka akalia, akaja mzima mzima mpaka mapajani. Uzi haukukatika.