Makofi ya Kiha Kwenye Chumba cha Masikio

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mfawidhi wa hospitali niliyopangiwa kule Kasulu alinikabidhi otoskopu, yaani kile kitochi chenye ncha nyembamba cha kuchungulia ndani ya sikio. Akaniambia, "Bwana Bukuru, kuanzia leo wewe ni mtu wa tundu hili. Mgonjwa akianza habari za magoti, mwelekeze mlango wa pili." Nikacheka. Yeye hakucheka. Kazi yangu ikawa kusafisha usaha na kutoa nta, wadudu na punje za maharage, na niliipenda mno, maana sikio halikuisha kunishangaza.

Baadaye nilihamishiwa Kibondo. Nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, Mganga Mkuu wa Wilaya aliniita ofisini.

"Wanakuja vijana wa chuo kikuu kwa mafunzo ya vitendo," alisema. "Wengine wanasomea usikivu, wengine tiba ya usemi, ile ya kumfundisha mtu kutamka, si ya kumpa vidonge. Watafutie pa kulala na mtu wa kuwatafsiria Kiha. Na wasiishie kubeba mafaili, Bukuru. Waguse wagonjwa."

Pa kulala palipatikana kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, ambaye mkewe aliwalisha kama wanawe. Mtafsiri nikawa mimi. Kati yao alikuwemo binti wa Tanga, Mwanahawa, ambaye maswali yake hayakuwa na mwisho. Mbona kina mama wanatia mawese sikioni? Nani alianza? Mwanasesere kwa Kiha anaitwaje? Jioni nilikuwa hoi, lakini asubuhi nilijikuta nawahi kazini.

Siku moja alikuja mama kutoka Murungu na bintiye Yusta, umri wa kuanza shule, asiyesema neno. "Namwita haji," mama alisema. "Baba yake anasema ni kiburi, amekata fimbo. Kama masikio ni mazima, basi atanyooshwa."

Audiometa, mashine ya kupimia usikivu, inataka mtoto anayeelewa maelekezo, na Yusta hakuelewa. Kwa hiyo Mwanahawa akatumia kipimo cha kugeuka: unasimama nyuma ya mtoto, unatoa sauti, unaangalia kama atashtuka. Mtoto alikaa akimtazama mama yake. Mwanahawa akapiga makofi mazito, mara mbili.

Yusta akapiga makofi.

"Anasikia!" Mwanahawa alisema kwa furaha. Mama akasimama, akaanza kufunga kanga. "Ego," alisema, yaani ndiyo kwa Kiha. "Nilijua ni kiburi."

Nami nilikuwa nimeshashika kitasa nimwite mgonjwa mwingine, lakini Mwanahawa hakutulia. "Mzee, samahani. Kwani mama naye alipiga makofi ya nini?"

"Si umemsalimu?" nilimjibu. "Sisi Waha tukisalimiana tunapiga makofi. Angekaa kimya angekuvunjia heshima." Kusema kweli, hata mikono yangu mwenyewe ilikuwa imeanza kukutana.

Tukatazamana. Mtoto hakumwitikia Mwanahawa. Alimwiga mama yake.

Tukamwomba mama akae nyuma ya pazia. Mwanahawa akapiga makofi tena. Akagonga sufuria. Akaita. Yusta aliendelea kuchezea kifungo cha gauni lake, ametulia kabisa. Mama alikuwa akichungulia pembeni ya pazia, na alipoona vile akakaa chini sakafuni.

"Kumbe," alisema. "Mwanangu nimemchapa sana."

Hospitali ya rufaa ilimpima kwa mashine isiyohitaji mtoto aelewe maelekezo, ikakuta usikivu kidogo umebaki, akapewa vifaa vya kuvaa masikioni. Mwanahawa alirudi wakati wa likizo kwa hiari yake na wenzake wa chama cha wanafunzi, akaanza kumfundisha sauti za midomoni, *b* na *m*, kwa kuwa hizo mtoto huziona zikitamkwa.

Sasa nimestaafu, nalima maharage. Vijana wa vyuo hunipigia simu kuuliza waanzie wapi. Nawaambia waombe wapelekwe mahali wasipojua watu wanasalimianaje, na wasione haya kuuliza. Na ninyi mnaowapokea, wapeni kitanda na mtu wa kuwatafsiria. Mengine watayatafuta wenyewe.

Mwaka huu nilifuatana na Mwanahawa kwenda Murungu. Tulikaa na mama Yusta jikoni akisonga ugali, mtoto yuko nyuma ya nyumba na kuku. Mama akataka kutuonyesha. Bila kunyanyuka, akaita, "Yusta!"

"Bee!"

Miguu ikasikika inakimbia, mtoto akatokea mlangoni akihema, macho kwa mama yake, anangoja kutumwa. Mama alikuwa ameshika mwiko hewani. Miaka yote alikuwa ameita bila kuitikiwa, na sasa hakuwa na la kumtuma.

"Basi," akasema taratibu. "Nilikuwa nakuita tu."