Damu ya Baba Ilibaki Kule

Sabuni ya maua. Nikiisikia harufu yake hata leo, naziba pua. Ndiyo waliyopigia deki katika hospitali moja ya binafsi kule Shangani, msimu ule wa korosho nilipokuwa na miaka tisa na mdogo wangu Tumaini akiwa na minne.

Malaria ilikuwa imemmaliza damu, viganja vyake vyeupe kama ugali. Baba, mwalimu aliyehamishiwa Mtwara kutoka Iringa, alimbeba alfajiri kutoka kwetu Rahaleo hadi hospitali ya serikali. Kule wodi ilinuka mikojo, watoto walilala wawiliwawili kitandani, mama zao chini sakafuni. Baba alitolewa damu ya kumwongezea Tumaini, akabaki na pamba mkononi, tukasubiri. Tulisubiri jamani! Mara ya tatu Baba alipokwenda kuuliza, muuguzi, mama mmoja mnene wa kandambili, hakuinua hata macho.

"Mwalimu, damu si maji ya bombani. Inapimwa. Rudi ukakae."

Wodi nzima ilisikia. Baba alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na kukaripiwa vile mbele ya wazazi wa wanafunzi wake kulimchoma. Akasaini karatasi ya kumtoa mtoto. Yule muuguzi alitufuata mpaka mlangoni akisema tusiondoke, damu inakaribia, lakini aliyasema kwa ukali uleule, na sisi tulisikia ukali tu.

Shangani tulipokewa kwa pole nyingi, shuka jeupe, pazia, dripu ikatundikwa papo hapo. Mama alilia, akasema hapa ndipo mtu anapothaminiwa. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu kulikuwa na televisheni. Damu hawakuwa nayo, na hakuna kati yetu aliyeuliza.

Alasiri akaingia daktari. Alikuwa yuleyule tuliyemwacha asubuhi serikalini. Akimaliza zamu kule, huja huku. Alimtazama Tumaini, kisha ile pamba.

"Mwalimu, mbona mmemtoa? Damu yako iko tayari kule."

Baba alimnyakua mtoto, tukaparamia bajaji. Tumaini alikata roho njiani, kichwa chake kikiwa juu ya mkono uleule wenye pamba.

Siku hizi hospitali ile ya serikali ina vigae na bango la kauli njema ukutani. Watu wa mjini bado wanabishana wapi kuna huduma nzuri, na wengi wanapima kwa namna walivyochekewa. Baba amestaafu, mazungumzo hayo yakianza, hunyanyuka akatoka nje. Simlaumu. Yule muuguzi nilimchukia miaka mingi, kumbe ndiye pekee aliyetukimbilia.

Mwezi uliopita mwanangu alishikwa na homa, nikampeleka hospitali ya binafsi iliyo karibu nasi. Binti wa mapokezi akatabasamu, akanipa pole, akanikaribisha kiti. Sikuketi. Nikamuuliza kama wana damu. Akasema kwa upole kwamba mtoto ana homa tu, mama, nisiwe na wasiwasi.

Nikamuuliza tena.