Aliyempikia Mwisho

Mimi naitwa Vuai, fundi cherehani, mtu wa Makunduchi, na hapa Rosettenville, Johannesburg, nimekaa miaka kumi na tisa. Chumba cha kazi nagawana na mwanamke wa Kirundi anayeitwa Emérite. Niseme mapema kwamba Emérite ni mkaidi, hapendi kuambiwa, na chai yake huipika bila sukari kwa kunikomoa tu. Lakini akikunja pindo la nguo, hata mimi niliyefundishwa na marehemu baba sioni uzi ulipopita.

Ana kazi nyingine isiyo na kibao mlangoni. Huandika wasifu wa marehemu. Wenzetu Wakristo wa Burundi na Kongo hawazikwi hivi hivi, lazima mtu asimame mbele ya jeneza asome: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, alioa nani, ameacha nani. Kwetu sisi mtu akifa alfajiri, alasiri keshazikwa, mambo kwisha. Siku moja nilimwambia hivyo, akanijibu, "Ndiyo maana ninyi mnasahauliana upesi, Bwana Vuai." Nilimnunia siku mbili.

Kule kwao ndugu ndio wanaoandika. Hapa Johannesburg ndugu wako wapi? Mtu anafia kwenye chumba cha kupanga, karatasi zake zina jina hili, kanisani anajulikana kwa jina lile. Ndipo watu wanamfuata Emérite. Naye ana utaratibu wake na haubadilishi kwa mtu. Haanzi kwa mchungaji, haanzi kwa wakubwa wa jumuiya. Swali lake la kwanza ni moja: nani alimpikia mara ya mwisho? Huyo ndiye anayemwendea na daftari, awe mke, awe mwenzake wa chumba, awe mama anayeuza pap, ugali wa huku, na maharage pale kwenye kituo cha teksi. Anasema aliyekupikia anajua kama ulirudi na njaa au ulirudi umeshiba kwa watu, na mengine yote yanafuata hapo.

Mwaka jana mwezi wa saba, baridi imeshika, akafa Astère. Astère alikuwa mumewe. Nasema alikuwa, na hapo pana maneno. Walifunga ndoa Bujumbura, wakaja huku pamoja, wakapata binti mmoja, wakakaa jumla miaka kumi na minne. Kisha Astère akabeba begi lake na redio, akahamia mtaa wa Turffontein kwa mwanamke wa Kikongo anayeitwa Marthe, msusi wa nywele. Mpaka anakufa ilikuwa miaka sita. Talaka hawakupeana. Emérite hakulia mbele yangu, ila alikanyaga cherehani wiki nzima mpaka mkanda ukakatika, nikatia mwingine. Tangu siku ile jina la Marthe halikutajwa chumbani mwetu. Mteja akianza habari za Turffontein, Emérite huweka mkasi mezani akamkazia macho mpaka mwenyewe anakumbuka kwamba ana haraka.

Astère alikufa Jumatatu alfajiri nyumbani kwa Marthe, kabla hajaenda kazini kwake kwenye ulinzi. Moyo. Jumanne akaja Octave, mwenyekiti wa jumuiya ya Warundi, kofia mkononi.

"Mama, pole," akasema. "Mazishi ni Jumamosi saa nne. Wasifu utatuandikia wewe."

"Tafuteni mwingine."

"Mwingine yupi? Na tena wewe ndiye mke. Ila mambo ya ndoa yaishie kwako. Yule wa kule jina lake lisisikike, na mbele hatakaa."

"Hilo halina shida," akasema Emérite. Niliona limempendeza, wala sikumlaumu. Hata mimi lingenipendeza.

Lakini mganga hajigangi. Jumanne aliandika karatasi moja, na Jumatano ilikuwa ileile. Alizaliwa Buyenzi, akasoma, akawa dereva, akaoa, akaja Afrika Kusini, akapata mtoto. Chini ya hapo peupe. Nikamwuliza tatizo ni nini.

"Nikisoma hii, watu watasikia kwamba alikufa miaka sita iliyopita."

"Si ndivyo unavyotaka?"

"Ndivyo ninavyotaka," akasema. "Lakini wengine wote nimewazika na maisha yao mazima. Hata yule mlevi wa nyuma ya gereji. Nikimzika baba wa mtoto wangu na nusu, basi sitasimama tena mbele ya jeneza la mtu. Nitakuwa mwongo kama wengine."

Nikamwambia akubali kuwa mwongo siku moja, dunia haitaanguka. Akanikata jicho, akarudi kwenye kazi.

Alhamisi tulikuwa na kazi mjini. Jumba dogo la maigizo lilitupa majoho sita tushone, nasi tukaenda kuwapimisha waigizaji. Tulikuta mazungumzo yanaendelea. Alikuwapo mwandishi wa tamthilia kutoka Ayalandi, mama wa makamo anayeitwa Orla, koti la mvua mwilini japo Johannesburg mwezi wa saba hakunyeshi hata tone. Mchezo ni wake. Mbele yake walikaa waongozaji wawili waliopewa kuuongoza pamoja, Chris, kijana wa hapahapa, na Murielle, mwanamke wa Bukavu, na kila mmoja alivutia kwake. Mimi na Emérite tukampandisha mwigizaji juu ya kiti, mimi na chaki, yeye na pini mdomoni. Hakuna aliyetujali, na mimi hali hiyo naipenda kwa sababu unasikia yote.

Walikuwa wakibishania baba mmoja wa ndani ya mchezo, mtu katili. Chris alitaka ukatili uongezwe ili watazamaji wasibabaike. Murielle alitaka mwishoni aombe radhi.

"Sijui kama anajuta," akasema Orla. "Nilipoanza kumwandika nilikuwa namchukia. Kila alilosema lilikuwa baya, kurasa themanini, na ndani yake hamna mtu. Nikaacha miezi mitatu. Niliporudi nikaandika anavyovua viatu akitoka kazini. Basi. Akaanza kupumua."

"Viatu haviwezi kushika jukwaa," akasema Chris, nami kimoyomoyo nikawa upande wake.

"Lakini kama unamchukia," Murielle akauliza, "umejuaje anavyovua viatu?"

"Hapo ndipo pagumu. Inabidi uende kukaa mahali anapovua, na wewe hutaki kwenda huko."

Murielle akageuka akamwonyesha Emérite. Akasema, "Eish, huyu mama hapa ndiyo kazi yake. Aliandika wasifu wa mjomba wangu, nikamjua mjomba siku tuliyomzika." Ikabidi Emérite atoe pini mdomoni. Orla akamwuliza anaanzia wapi, na Emérite akamweleza habari ya aliyempikia marehemu, kwa ufupi, kwa Kiingereza chake cha sokoni. Yule mama akatoa daftari akaandika. Akasema kwao Ayalandi marehemu hulazwa ndani ya nyumba, majirani wakajaa, na mwenye hadithi yake mbaya huisimulia pamoja na nzuri. Halafu akauliza, "Na sasa hivi unaandika wa nani?"

"Wa mtu mmoja wa Turffontein," akasema Emérite.

"Nani alimpikia mara ya mwisho?"

Orla hakujua anachouliza. Aliuliza kama fundi anavyomwuliza fundi mwenzake kitambaa amekipata duka gani. Emérite akarudisha pini mdomoni, akainamia lile joho, akamchoma mwigizaji wa watu kwenye kifundo cha mguu.

Tukirudi, teksi iliposimama kwenye robot, taa za barabarani, Emérite akasema bila kunitazama, "Kesho ukitoka sala yako, utanisindikiza."

"Wapi?"

"Usijifanye hujui."

Ijumaa nilisali msikiti wa Mayfair, nikarudi, tukaenda. Njia nzima daftari alilibana kwapani. Marthe alifungua mlango kitenge kiunoni, macho yamevimba. Alipomwona Emérite akarudi nyuma hatua mbili na kuvuta kiti akakiweka katikati yao. Nadhani alitegemea kipigo. Sikuwa na hakika kwamba amekosea.

"Nimekuja na daftari," akasema Emérite.

Daftari lile linajulikana kusini yote ya jiji. Marthe akalitazama, akakigeuza kile kiti, akasema, "Karibu jikoni, dada."

Emérite aliuliza kama anavyowauliza wote, hakupunguza. Jumapili alikula nini? Ugali na ndagala, wale dagaa wa kwao, akabakiza kidogo. Alikuwa akiamka saa ngapi? Saa kumi alfajiri, akajipigia pasi sare yake mwenyewe. Aliogopa nini? Daktari wa meno. Akizungumza na binti yake kwenye simu, alifanya nini baadaye? Alikaa kimya nusu saa, na Marthe alijua asimsemeshe. Alipokata roho nani alimfumba macho? Marthe mwenyewe. Emérite akaandika, akaandika. Kisha Marthe akasema, "Na jioni alikuwa anaosha vyombo. Anaimba nyimbo za kwaya, anaosha."

Kalamu ikasimama. "Astère aliosha vyombo?"

"Kila jioni. Alisema mimi nimeshinda nimesimama nikisuka watu."

Emérite akaliandika na hilo. Akafunga daftari. Pale mlangoni Marthe akauliza kwa sauti ndogo, "Kesho nisije?"

"Sijui," akasema Emérite.

Njiani ndipo akanena. "Miaka kumi na minne, Bwana Vuai. Hata kikombe chake mwenyewe." Nina mke na mimi, na vyombo vya nyumbani kwangu sijawahi kujua vinasafikaje.

Jumamosi makaburini palikuwa na upepo, majani yamekauka yote. Jumuiya ilijaa. Binti yao alisimama mbele, Octave pembeni yake. Marthe alikuja, lakini alibaki nyuma kabisa, kwenye magari, peke yake. Wote walimwona na wote walijifanya hawakumwona.

Emérite akasoma. Alizaliwa Buyenzi, akasoma, akawa dereva. Alipofika kwenye ndoa akasoma jina lake mwenyewe na jina la binti yao, na Octave akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha Emérite akafunua ukurasa.

"Miaka sita ya mwisho aliishi Turffontein na Marthe, msusi, aliyempikia mpaka Jumapili. Aliamka saa kumi, akajipigia pasi. Jioni aliosha vyombo huku akiimba."

Minong'ono ikapita. Halafu mtu akacheka, na mwingine, maana wote waliomjua Astère hawakuamini. Emérite akainua uso kutoka kwenye karatasi. Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akisema neno ambalo hakuliandika.

"Kwangu hakuosha," akasema. "Nilipoambiwa jana niliumia kuliko siku aliyoondoka. Nawaambia ili msije mkasema nimesamehe. Sijasamehe. Lakini hiyo miaka aliishi, na ni yake."

Akarudi kwenye karatasi. "Marehemu ameacha wajane wawili na binti mmoja." Akaikunja, akaitia mfukoni.

Hakuna aliyesema amina. Octave alikohoa, akatazama chini, na kwa kuwa ndiye mwenye ratiba akatangaza zamu ya kutupa udongo. "Mjane kwanza," akasema kwa mazoea. Kisha akanyamaza, kwa sababu hakujua tena amemwita nani.

Emérite alikuwa ameshachota udongo mkononi. Akageuka akatazama nyuma, kwenye magari, akangoja. Watu wakaanza kusogea mmoja mmoja mpaka njia ikapatikana, na Marthe akaja nayo polepole, akasimama hatua tatu kutoka kaburini, asithubutu kusogea zaidi.

"Tangulia," Emérite akamwambia. "Wewe ndiye uliyemfumba macho."