Mchora viwanja na binti aliyeitwa kwenye timu ya safari

Nyasi za bustani ya Harmon bado zimelowa mvua ya Ijumaa. Ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, jua la Mei halijatoka sawasawa, na Wendell Hruska amepiga magoti kwenye kona ya uwanja namba tatu, akivuta kamba yenye mafundo.

Anapigilia kigingi. Anapima futi tatu upande huu, futi nne upande ule, halafu anavuta kamba katikati kuona kama zitatimia tano. Zikitimia, kona imekaa sawa. Zisipotimia, anang'oa kigingi na kuanza upya.

"Ukikosea kona moja, zote nne zinakuwa waongo," anasema bila kuinua kichwa.

Ni mwandishi gani huyo, anayeandika kila wiki na kila wiki maandishi yake huota majani na kukatwa? Ni Wendell. Ana miaka thelathini na tisa, mfanyakazi wa bustani za mji huu mdogo wa kaskazini mwa Ohio. Kwa miaka kumi na mmoja amevichora viwanja vyote tisa vya soka kwa toroli la kumwagia rangi nyeupe, kwa ujira wa dola ishirini na moja na senti arobaini kwa saa.

Kuanzia Aprili mpaka Oktoba hana Jumamosi wala Jumapili, kwa kuwa siku hizo ndizo watoto wanazocheza. Lakini Mungu hakumnyima vyote. Bintiye, Nell, mwenye miaka minane, hucheza ligi ya mtaa kila Jumamosi saa tatu, papa hapa kwenye uwanja namba tatu. Wendell huegesha toroli na kumtazama kwa saa nzima. Hiyo ndiyo chai yake na ndiyo chakula chake cha mchana, na bosi anajua.

"Wengine wana kanisa," anasema. "Mimi nina saa ile moja."

Asubuhi hii anachora huku kichwa chake kikiwa kwingine, maana kesho saa sita mchana anatakiwa kutoa jibu.

Mambo yalikuja hivi. Wiki hii klabu ya wilaya ilifanya majaribio ya kuteua timu ya safari, ile inayokwenda kucheza miji mingine kila wikiendi, ya wasichana wa miaka minane na tisa. Walikuja sitini na mmoja, kila mmoja kabandikwa namba ya karatasi mgongoni. Nell alikuwa namba arobaini na saba. Ijumaa asubuhi ikaja barua kwenye simu: amechaguliwa pamoja na wenzake kumi na mmoja, na wazazi wajibu kabla ya Jumapili saa sita, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Ndivyo klabu za huku zinavyofanya. Mzazi hapewi hata siku tatu za kulifikiria jambo.

Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe. Huyu hata hakulia. Wembe uliletwa mpaka mlangoni, na pongezi juu yake.

"Ana miaka minane, Wendell. Jino la mbele hana," alisema Corinne, mkewe, jana jioni. Corinne ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, na wikiendi mbili kila mwezi yuko jikoni huko.

"Wamemchagua kati ya watoto sitini na mmoja."

"Na mimi nilimchagua kati ya wangapi? Jumamosi yuko Dayton, Jumapili yuko Fort Wayne, analala hotelini, na sisi wote tuko kazini. Nani atamsuka nywele?"

"Wazazi wengine huwa wanachukua watoto kwenye magari yao."

"Huyu anatapika tukienda kwa dada yako, na dada yako anakaa dakika ishirini tu kutoka hapa. Atatapika kwenye gari la watu mpaka wamshushe njiani."

Halafu Corinne akamtaja Trent, mtoto wa kaka yake. Trent aliingizwa timu ya safari akiwa na umri huohuo, na alikuwa mkali kweli. Alipofika miaka kumi na miwili, viatu vyake vya njumu vilikutwa ndani ya pipa la taka la jirani. Alikuwa amevificha mwenyewe.

Ada ni dola elfu moja mia nne na hamsini kwa mwaka, kabla ya sare na hoteli. Wendell anasema hilo wangelibana, lori lao bovu lingengoja mwaka mwingine. Gharama iliyomkaa kooni ni nyingine.

"Kwa Corinne nilijifanya nafikiria hela," anakiri. "Nilikuwa nafikiria saa yangu. Akiingia timu ile, mimi nitakuwa hapa nawachorea watoto wa wenzangu, na wangu anacheza mahali nisipopajua. Halafu najiuliza, hivi namkatalia kwa faida yake au kwa faida yangu? Hapo ndipo nakwama."

Nell mwenyewe alipoulizwa alisema, "Sijui," akarudi kwenye bakuli lake. Nanyi mnaolea mnajua kwamba sijui ya mtoto ni nyumba yenye vyumba vingi.

Saa mbili kasoro, rangi imeshakauka kwenye uwanja namba tatu. Orville Teague, mzee wa miaka sitini na mitatu aliyemfundisha Wendell kazi hii, anashuka kutoka kwenye mashine ya kukata nyasi. Anauzunguka uwanja kwa macho. Anavua kofia.

"Wendell."

"Naam, mzee."

"Leo hapa wanacheza farasi?"

Wendell anageuka, anatazama. Kona zote nne zimekaa sawa kabisa. Ila kamba aliyotumia ni ya uwanja wa watoto wa miaka tisa na kumi. Uwanja wa wadogo umekuwa karibu mara mbili ya urefu wake, na rangi hii haifutiki mpaka nyasi zikue.

"Miaka kumi na mmoja," anasema Orville. "Nilikuwa nangoja siku hii kwa hamu. Nikifa uniandikie kaburi, lakini mtu mwingine apime."

Viwanja vingine vyote vina wenyewe. Kocha wa kina Nell, Bi Marcy, ambaye siku za kazi hukaa mapokezi kwa daktari wa meno, anafika na begi la mipira, anaangalia, anacheka.

"Waache wakimbie," anasema. "Leo watalala mapema."

Kabla ya mchezo Nell anamfuata Orville apewe kitendawili, kama kawaida yao.

"Nina wavu lakini sivui samaki," anasema Orville.

"Goli. Hiyo ya watoto, mzee."

"Na wewe ni nani, bibi harusi?"

Saa tatu filimbi inalia. Ni wanne kwa wanne, hakuna kipa, na matokeo hayaandikwi, ingawa hakuna mtoto hata mmoja asiyeyajua. Wazazi wamekaa kwenye viti vya kukunja na vikombe vyao vya kahawa. Watoto saba wanaufuata mpira kama kuku wanaofuata punje za mahindi. Ukienda kulia, wote kulia. Ukigonga goti la mmoja, wawili wanaanguka.

Wa nane amesimama. Ni Nell. Yuko mbali upande wa kushoto, peke yake katikati ya nyasi nyingi, mkono mmoja juu.

Wendell anaona aibu ikimpanda. Mtoto kachoka, na kosa ni la baba yake. Anaweka viganja mdomoni amwite akimbie, Orville anamshika kiwiko.

"Nyamaza. Mtazame vizuri."

Kundi linahamia upande mwingine. Nell naye anahama, si kuufuata mpira, bali kwenda pale palipobaki wazi. Anasimama tena. Anainua mkono. Mpira unapita mbali. Anahama tena, hatua kumi, kumi na tano, anageuza mwili kulielekea goli, anainua mkono.

"Hajachoka huyo," anasema Orville taratibu. "Anangoja apewe."

Kwenye uwanja mdogo jambo hili halikuonekana kamwe. Kule hakuna mahali pa kusimama peke yako, kila mtoto yumo ndani ya kundi, na Nell alikuwa mmoja wa kuku. Leo, kwa kosa la kamba, Wendell anaona mahali macho ya mtoto wake yanapoangalia. Hadi mapumziko Nell ameinua mkono mara tisa. Baba yake amehesabu. Hakuna mpira uliokuja.

Watoto wawili wamekaa chini wanachuma maua ya njano. Mmoja anauliza kama mechi imeisha.

Mchezo ukiisha, baba na binti wanaketi nyuma ya lori la bustani, miguu inaning'inia. Nell ana kipande cha chungwa.

"Ulichoka?"

"Hapana."

"Mbona ulikuwa unasimama?"

"Pale palikuwa wazi. Nilikuwa nangoja wanione."

"Hawakukuona."

"Hawaangalii," anasema Nell, bila lawama, kama mtu anayesema leo ni Jumamosi. "Wanaangalia mpira tu. Siku ya majaribio kulikuwa na msichana namba kumi na tisa. Yeye aliniona mara mbili."

Wendell anamgeukia.

"Unataka kwenda kucheza naye?"

Nell ananyonya chungwa lake.

"Wewe utakuwepo?"

Uongo mzuri ulikuwa karibu, anasema Wendell. Ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Nitajitahidi, mwanangu. Akaumeza.

"Mara nyingi sitakuwepo. Nitakuwa hapa na toroli."

"Na mama?"

"Mara mojamoja."

"Basi nani ataniambia nimecheza vizuri?"

"Kocha wako."

"Huyo analipwa."

Wendell anashindwa kujizuia, anacheka. Halafu anasema, "Basi wewe utaniambia mimi. Jioni, kila kitu. Hata ukikosa."

"Hata nikitapika?"

"Hasa ukitapika."

Nell anacheka, na pengo lake lote linaonekana. Anatupa ganda, anafuta mikono kwenye bukta. Halafu, kwa sauti ndogo, akiangalia viatu vyake, anasema, "Nataka."

Jumapili asubuhi Wendell alimsimulia mkewe yote, kuanzia kosa la kamba mpaka ganda la chungwa. Corinne alisikiliza huku akikunja nguo. Alipomaliza kukunja akaweka masharti. Ni mwaka mmoja, si zaidi, halafu mtoto aulizwe tena. Jumapili moja kila mwezi atakaa nyumbani, hata kukiwa na kombe la dunia.

"Na siku atakayoficha viatu," alisema, "hakuna mtu atakayemuuliza kwa nini. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Ilipofika saa tano na dakika arobaini, jibu lilikuwa limeandikwa na Wendell alikuwa bado ameishika simu. Corinne akaichukua. "Utaishika mpaka saa sita ipite, lete hapa," akasema, akalituma yeye.

Sasa ni Agosti. Timu imeshafanya mazoezi wiki tatu, na Jumamosi iliyopita ilikwenda Dayton kwa mechi ya kirafiki. Nell alipanda gari la wazazi wa namba kumi na tisa, ambaye jina lake ni Annika, nywele zimesukwa tangu usiku, mfuko wa plastiki mapajani. Mfuko ulitumika mara moja. Hakuna aliyemshusha njiani. Mama yake Annika alimpa maji na mnanaa, wakaendelea.

Siku hiyo Wendell alichora viwanja vinne. Saa tatu ilipofika aliegesha toroli kwa mazoea, akakuta hana pa kwenda.

"Nilikunywa chai nimesimama," anasema. "Ilinichukua dakika sita."

Jioni hiyo, jikoni kwao, Nell anamwaga makaroni mabichi mezani na kuyapanga. Vikopo vya chumvi na pilipili vinakuwa goli. Wendell ameketi mbele yake, bado hajaoga, rangi nyeupe kwenye vifundo vya miguu. Corinne yuko jikoni papo hapo, anageuza kuku kikaangoni.

"Huyu ni mimi," anasema Nell, akiweka kipande kimoja cha makaroni pembeni kabisa.

"Mbona uko mbali hivyo na wenzako?"

"Subiri basi, baba. Huyu ni Annika. Ana mpira. Wanamjia watatu. Akainua kichwa." Nell anachukua punje ya njegere, anaisukuma kwa kidole kimoja polepole, ikapita meza nzima mpaka kwenye kipande kilicho peke yake. "Akanipa."

Corinne amesimama na uma mkononi.

"Halafu?" anauliza Wendell.

"Nikapiga nje."

"Nje kiasi gani?"

"Mpaka kwenye maegesho ya magari. Tulifungwa nne moja. Mama, kuku tayari?"

Wendell ameshaomba likizo ya siku mbili mwezi Oktoba, timu itakapokwenda kwenye mashindano ya mbali. Katika miaka kumi na mmoja hajawahi kuomba wikiendi ya msimu. Orville, na magoti yake mabovu, amekubali kuchora viwanja vyote tisa peke yake. Amesema nenda bwana, ila usiniletee picha.

"Nataka nikaione hiyo pasi kwa macho yangu," anasema Wendell. "Namna anavyosimama, na namna inavyomfikia. Akifunga, sawa. Akipiga nje, mimi nitakuwa nimesimama huko kwenye maegesho, nimrudishie."