Chuma Kilichoandikwa 24

"Shangazi, nani alipima?"

Faridah aliulizwa swali hilo mbele ya wanaume kumi na wanne, pumzi haijamrudia, viganja vimejaa unga wa muhogo, maana jimu ile walipaka unga ili mikono isiteleze. Alikuwa ndio kwanza ameng'oa kilo mia na hamsini kutoka ardhini, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo pale. Jimu yenyewe ilikuwa mabati matatu yaliyoegemezwa ukuta nyuma ya gereji za Kisenyi. Cha kushika kilikuwa akseli ya lori, na sahani za kuongeza uzito zilikuwa vyuma vya mviringo vilivyochomolewa kwenye injini za malori yaliyokufa. Kila sahani ilikuwa na namba yake kwa rangi nyeupe: tano, kumi, ishirini.

Muulizaji alikuwa Zuleika, mtoto wa kaka yake, miaka kumi na mmoja, bado na sare ya shule.

Wanaume wakaangua kicheko. Faridah hakucheka.

"Gwe mtoto, nani amekuita hapa? Kaa pale kwa matairi, unyamaze."

Kocha Okidi, mwanajeshi mstaafu aliyezungumza kama bado yuko gwaride, alichovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu akaandika ukutani: FARIDAH 150. Desturi ya pale ndiyo hiyo. Hupewi cheti wala kikombe. Jina lako linakaa ukutani na uzito wako, na siku nyingine ukifika umechoka, ukuta unakutazama.

Zuleika akaenda kukaa kwenye matairi. Lakini swali halikujibiwa, na swali lisilojibiwa haliozi.

Faridah ni mtu wa hasira, na hili si la kumsengenya, mwenyewe anakubali. Ukimwambia hasira hasara atakuuliza, "Hasara ya nani?" Ni Mnubi, mjukuu wa mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani zamani, na kwao wanasema hasira ile ilikuja na bunduki, bunduki zikarudishwa, hasira ikabaki. Anauza vipuri vya magari. Alianza kunyanyua vyuma siku wapakiaji walipomwacha na gia boksi barabarani wakisubiri aje mwanaume wa kuzungumza naye. Aliikumbatia gia boksi, akaipeleka dukani mwenyewe, hatua arobaini, huku akiwatukana kwa lugha tatu. Okidi alikuwa anapita. "Mama," akasema, "hiyo hasira isipotee bure. Kuja kwa jimu." Faridah akaenda. Akakaa miaka kumi na minne.

Halafu mwaka jana mwenye kiwanja akaja na watu wa kupima. Panajengwa maduka, ghorofa tano. Mna wiki mbili, tokeni. Okidi aliuza akseli na sahani zote kwa Josias, mnunuzi wa chuma chakavu aliye pembeni ya gereji, yule yule aliyemuuzia miaka ile. Faridah alifika mkokoteni ukiwa umeshajaa.

"Afande, unauza mgongo wangu?"

"Nauza chuma, Faridah. Mgongo wako uko nao."

Alinyakua sahani mbili za ishirini juu ya mkokoteni, hakuna aliyethubutu kumzuia. Zikawa za kuzuia mlango wa duka lake usipigwe na upepo.

Sasa hebu fikiria mtu wa namna hiyo, arobaini na moja, chumba kimoja cha kupanga, kitanda, kabati, na nafasi ya zulia la kuswalia. Akseli ya lori haiingii humo hata ukiilaza kimshazari. Dada na mashemeji wakaona mwanya. "Tulia sasa, umekuwa mtu mzima." "Mwili nao una siku zake." Alikwenda mtaa wa Ntinda kwenye jimu yenye vioo na mashine za kupuliza baridi. Kijana mwenye glavu akamletea kichuma cha zambarau, kilo nane, akamwambia, "Mama, tuanze polepole."

"Mama yako ni nani?" Faridah akamuuliza, akatoka, na mpaka leo akipita Ntinda hulisonya lile jengo.

Ni Zuleika aliyemwambia kuhusu ketobeli. Siku hizo alikuwa kidato cha nne, na daftari lake la jiografia lilikuwa limejaa mambo yasiyo ya jiografia. Ketobeli ni chuma cha mviringo chenye mkono juu, mfano wa birika lililokatwa mdomo. Kimoja tu kinatosha mtu mzima, na kinalala chini ya kitanda. Zuleika alinakili mipango mitatu kutoka kwenye simu, ukurasa kwa ukurasa.

Wa kwanza ulikuwa wa wanaoanza. Siku tatu kwa wiki unakibembeza chuma kutoka katikati ya miguu hadi usawa wa kifua, mara kumi, unapumzika, mara kumi tena, mpaka mia. Kisha unalala chali, unakisukuma juu kwa mkono mmoja na kuinuka nacho mpaka unasimama, mkono haujakunjika. Unarudi chini vile vile, mara tano kila upande. Wa pili ulikuwa wa kukimbizana na saa. Wa tatu ulikuwa wa wazoefu. Unakipandisha chuma begani, unakisukuma juu ya kichwa mara moja, kisha mara mbili, kisha tatu, mizunguko mitano, wiki sita.

"Hapa wameandika," Zuleika akasoma, "hata kama umezoea kunyanyua vizito, kwenye ketobeli anza kama mgeni. Mwanamke mwenye nguvu, kilo kumi na sita."

"Kumi na sita nabeba kwa mkoba nikienda sokoni. Nisomee ule wa wazoefu."

"Shangazi, wanasema mgongo na bega si..."

"Mimi naitwa nani kwa ukuta?"

Basi. Akaenda kwa Nasif, fundi wa kuchomelea, akamwagiza ketobeli ya ishirini na nne. Nasif alichukua kitovu cha gurudumu la lori, akakiziba, akakichomelea mkono, akakijaza risasi ya betri za zamani, akaenda kukipima hapo jirani kwa Josias, kwenye ile mizani inayoning'inia mbele ya banda. Alipunguza, akaongeza, mpaka mshale ukatua. Akapaka rangi nyeupe: 24.

"Imeshiba, dada," akasema akimkabidhi.

Wiki ya kwanza Faridah alikisukuma chuma juu mara moja kwa mkono wa kulia, akiiba kwa kujisukuma na magoti. Kwa kushoto, hapana. Alisema ni ugeni. Wiki ya pili, vile vile. Wiki ya tatu bega likaanza kumuuma akichana nywele. Daftari lilidai mara thelathini kwa kila mkono, yeye alikuwa na moja, tena ya wizi. Alikitukana chuma. Alimtukana mwenye kiwanja, Okidi, na kijana wa Ntinda. Wote walipokwisha akabaki mmoja tu wa kutukanwa, na huyo hakumwachia kitu. Alijiita gunia, akajiita bibi kizee. Miaka kumi na minne, alijiambia, na kumbe ilikuwa akseli iliyokuwa na nguvu, si wewe.

Akajiwekea ahadi, akaitamka mbele ya Zuleika ili asiweze kuirudisha: wiki ya sita ikiisha hajaweza hata mara tatu, anaacha chuma maisha yake yote. Watamwambia tulia, atatulia.

Wiki ya sita ikaisha Ijumaa. Mara moja, mkono wa kulia.

Jumamosi asubuhi alitia ketobeli na zile sahani mbili za mlangoni kwenye toroli, akaenda kwa Josias kuziuza. Hakumwambia mtu. Zuleika alimfuata kwa sababu aliona anavyosukuma toroli, kama mtu anayepeleka jeneza la mtu aliyemchukia.

"Karibu, nyabo," Josias akasema. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya sufu hata juani. Akatundika ketobeli kwenye mizani ya mbele. Mshale ukasimama ishirini na nne, barabara.

Akatundika sahani ya kwanza, iliyoandikwa ishirini. Kumi na tatu. Ya pili: kumi na tatu.

Faridah akaitazama mizani, akamtazama Josias.

"Hiyo ni ishirini."

"Ilikuwa ishirini nilipomuuzia afande, nyabo. Kutu inakula chuma."

"Kutu imekula kilo saba?"

"Kutu ya Kisenyi ina njaa."

Vijana wawili wa gereji wakacheka. Na hapo ndipo kitu kikamgonga Faridah kichwani, maana yeye ni muuza vipuri, anajua kutu. Sahani ile ilikuwa inang'aa, mikono ya watu imeisugua miaka na miaka. Alichungulia ndani ya banda. Kwenye giza, nyuma ya marundo ya mabomba, palikuwa na mizani nyingine, ya kukanyagia. Hakuomba ruhusa. Aliingia, akaiweka sahani juu yake.

Ishirini.

"Josias." Sauti yake ilikuwa ya chini, na wanaomjua walijua hiyo ndiyo mbaya. "Hii ya ndani ni ya nini?"

"Ya... ya kuuzia."

"Na ya nje?"

Josias akavua kofia. "Ya kununulia. Nyabo, biashara ni..."

"Mwizi wewe! Ukinunua chuma kinakonda, ukiuza kinanenepa! Banange, chuma kina mimba kwa huyu mtu!"

Watu walijaa kama wamepigiwa kengele. Nasif naye akatoka na miwani ya moto juu ya paji. Faridah alizirudisha sahani kwenye toroli, ketobeli akaishika mkononi, akavuka barabara hadi duka la jumla la unga la Msomali, ambako mizani ina muhuri wa serikali na hukaguliwa kila mwaka. Msomali aliona ule uso, akashusha gunia kutoka kwenye mizani mwenyewe bila kuambiwa.

Sahani ya ishirini: kilo kumi na saba. Ya pili: kumi na saba.

Ketobeli: kilo thelathini na moja.

"Nasif," akasema Faridah.

"Dada, naapa, nilipima kwa Josias."

"Mizani gani?"

"Ya... ya mbele. Iko karibu."

Kisenyi nzima inajua kwamba ukimpelekea Josias chuma chako, mizani ya mbele inakudhulumu kidogo. Watoto wanajua. Lakini Nasif alikuwa hauzi, alikuwa anapima tu, na hakufikiria kwamba mizani ya mwizi inadanganya hata kama hakuna anayeibiwa. Kwa muda wa wiki sita mwanamke mmoja chumbani mwake alikuwa anasukuma juu ya kichwa, kwa mkono mmoja, uzito ambao hata daftari la wazoefu halikuthubutu kuutaja kwake.

Umati ulikuwa unamshangilia na kumzomea Josias. "Thelathini na moja! Gwe, huyu si mama, ni jeki ya lori!" Faridah hakusikia. Alikuwa na hasira kuliko siku zote, na hasira hiyo ilikuwa inatafuta mtu wa kumshukia. Haikuwa sahani iliyomuuma, wala hata Josias. Yalikuwa yale maneno. Gunia. Bibi kizee. Alijisemea yeye mwenyewe, kila usiku, na mwili ule ulikuwa unayasikia na bado unanyanyua.

Halafu jambo la pili likaja polepole, na hili hakuna mwingine dukani aliyelifikia. Macho yake yalirudi kwenye sahani. Kumi na saba. Kama ishirini ni kumi na saba, na akseli nayo ilinunuliwa pale pale, kwenye mizani ya ndani...

Alichukua kalamu ya Msomali, akapiga hesabu ya zile mia na hamsini kwenye karatasi ya kufungia unga. Akaikunja, akaitia kifuani. Zuleika aliona, na safari hii hakuuliza.

Siku iliyofuata Nasif alitengeneza ketobeli mbili bila kudai kitu, kumi na sita na ishirini na nne, zote zikapimwa kwa Msomali huku Faridah amesimama juu yao kama polisi. Akachana ule ukurasa wa wazoefu. "Kubembeza ninaweza na ile ya ishirini na nne, kiuno ninacho," akasema. "Kuinuka kutoka chini, kumi na sita. Bega langu halijawahi kusoma shule. Nipe ule wa wanaoanza." Alisema hivyo akiwa amenuna, kama mtu anayelipa faini.

Jumapili ya wiki iliyofuata alimwambia Zuleika wafuatane. Kiwanja cha jimu kilikuwa kimezungushiwa mabati, ukuta ulikuwa bado haujaangushwa. Walipenya. FARIDAH 150 ilikuwa imefifia lakini inasomeka. Faridah alikuwa na kopo la rangi la Nasif. Aliitazama ile 150, na Zuleika alidhani atalipiga teke lile kopo.

"Shangazi, acha tu. Ukuta wenyewe wanaubomoa, hakuna atakayeona."

"Nyamaza."

Akachovya brashi. Akafuta 150 kwa mstari mmoja mnene, na chini yake akaandika, kwa herufi zilizopinda kwa hasira: 127 na nusu. Rangi ikachuruzika mpaka chini. Akageuka, brashi bado mkononi, akamtazama mtoto wa kaka yake, ambaye sasa anamzidi urefu na ambaye ndiye anayeandika haya.

"Uliniuliza nani alipima," akasema. "Siku ile, hakuna. Hii, nimepima mimi."